Eti Wavuvi Hawana Nidhamu?

Samahani wasomaji kwa ukimya. Nilikuwa Lamadi, wilayani Busega, pale barabara ya Mwanza–Musoma inapotoa njia ya Bariadi. Nikiwa mwaloni nilikumbuka makala niliyowahi kuandika gazetini, nikidai wavuvi wa dagaa hawaweki akiba kwa sababu hawana nidhamu moyoni. Mhariri aliisifu. Leo naifuta.

Hiyo nidhamu ya moyoni nani aliiona? Howard Rachlin, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefariki 2021, alishikilia kwamba tunaitafuta mahali isipokuwepo. Nadharia yake inaitwa biheviorizimu ya kiteleolojia: kueleza tabia kwa kutazama inakoelekea, wazo lenye mizizi kwa Aristotle. Fundi wa mitumbwi anagonga msumari. Kwa nini? Ukimpasua kichwa utakuta ubongo tu. Mtazame mwezi mzima: anagonga msumari, anaunga mbao, anatengeneza mtumbwi, analisha familia. Nia yake ndiyo hiyo, imetandazwa kwenye siku zake. Nidhamu nayo ni mpangilio wa matendo ya muda mrefu, si msuli uliofichwa kifuani. (Kwenye maumivu ya jino usiku wa manane bado simwelewi, lakini tuyaache.)

Sasa, dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haivuti kitu, watu wanapumzika. Kipato kinakuja na kukatika kwa kufuata mwezi. Mimi nilimpima mvuvi kwa jioni moja ya bia!

Mwaka 1972 Rachlin na Leonard Green waliwapa njiwa chaguo: nafaka kwa sekunde 2 papo hapo, au kwa sekunde 4 baada ya kusubiri sekunde 4. Njiwa wakakimbilia kidogo cha papo hapo. Lakini walipopewa mapema zaidi nafasi ya kuchagua njia isiyo na kile kidogo kabisa, wakaanza kuichagua. Je, waliokoka? Hapana jamani, mpangilio ulibadilika.

Wana-VICOBA wanalijua hilo bila kumsoma Rachlin: sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Usiku wa kishawishi halifunguki.

Basi ninyi mnaokwenda mwaloni kuhubiri "badilikeni ndani", na sisi waandishi tunaowanukuu, tuulize kwanza: sanduku liko wapi? Kikundi kinakutana siku gani? Siku hiyo mvuvi yuko nchi kavu au ziwani? Makala yangu haikuuliza hata moja.