Simu Inasema Pikipiki Ipo Uani

KIBARAZANI na Mwanaidi Sekibo

Saa kumi na moja alfajiri mtoto wa kaka yangu alinigongea dirisha. "Shangazi, pikipiki haipo." Akanipa simu. Kwenye ramani kidoti kilikuwa kimetulia palepale Tandika, nyumbani kwetu, uani. Tukatoka na tochi. Uani tulikuta doa la oili na kipande cha tofali alichokuwa akiwekea stendi.

Laini iliyomo ndani ya kifaa cha GPS kilichofungwa kwenye pikipiki hiyo ilikuwa imeishiwa bando siku tisa nyuma, na ramani ikabaki inaonyesha mahali ilipopajua mara ya mwisho. Duka lililomfungia liliweka laini ya kwao, likamwambia kila kitu kimelipiwa mwaka mzima. Namba ya dharura iliyoandikwa kwenye risiti iliita mpaka ikakata.

Vijiweni utasikia, "Hii setilaiti inaiona popote." Setilaiti haioni kitu. Kifaa kinapokea mawimbi yake, kinakokotoa mahali kilipo, kisha kinatuma jibu kwa mtandao wa simu, kama wewe unavyotuma meseji. Bando likiisha, au pikipiki ikiingizwa kwenye godauni la mabati, unabaki na ramani ya jana. Ndiyo maana nashangaa mtu akianza na bei. Anza na laini: imesajiliwa kwa jina la nani, na nani anaiwekea vocha?

Halafu betri. Mwizi mzoefu anaujua waya wa betri ya Boxer kuliko mwenye nayo. Anauchomoa kwanza, ndipo anasukuma. Kifaa kisicho na betri yake ya ndani kinakufa hapohapo. Chenye nayo kinatakiwa kukuamsha dakika ileile, maana ukingoja kupambazuke, tanki limeshafika gereji hii na injini gereji ile. Maji nayo usiyasahau, kwa masika yetu: tafuta kilichoandikwa IP67. Mahali pa kukificha sisemi, na fundi wako naye akikifunga asikae kijiweni kusimulia.

Kinachoninyima raha hasa ni kile kitufe cha kuzima injini ukiwa mbali. Wauzaji wanakitaja kwa mbwembwe, na wanunuzi wanakipenda. Julai 2022 kampuni ya usalama wa mitandao ya BitSight ilitoa ripoti kuhusu MV720, kifaa cha bei nafuu cha kampuni ya MiCODUS ya China. Mfumo wake ulikuwa na nywila kuu moja iliyojengewa humohumo. Aliyeijua angeweza kufuatilia gari la mtu baki na hata kulikatia mafuta. Na vifaa vingi vya bei rahisi vinatoka kiwandani na nywila ya 123456. Mliofungiwa mkaondoka dukani bila kuibadilisha, mnajijua.

Lakini mimi simwogopi mdukuzi kama ninavyomwogopa tajiri mwenye pikipiki. Pikipiki nyingi mjini ni za mkataba: dereva analeta hesabu kila siku, na mwisho wa mkataba chombo kinakuwa chake. Sasa siku mbili hesabu haijafika. Tajiri yuko Sinza kwenye kochi, amekasirika, anabonyeza. Injini inazimika Barabara ya Mandela, abiria yuko nyuma, na lori la mafuta linakuja. Vipo vifaa vinavyosubiri mwendo ushuke chini ya kilomita 20 kwa saa ndipo vizime. Kama chako hakisubiri, waya huo usifungwe kabisa. Na dereva aambiwe mapema kwamba anafuatiliwa. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kwangu mimi safari za mtu za usiku na mchana ni taarifa zake.

Kidoti kikikuonyesha pikipiki ilipo, usikusanye kijiwe kwenda kuvunja mlango. Kinaweza kukosea mita kadhaa, na kwa Manzese mita kadhaa ni nyumba tatu. Wananchi wakishakasirika hawaulizi ni nyumba ipi. Nenda kituoni, chukua RB, beba kadi yenye namba ya chasisi, polisi watangulie na wewe uwashikie simu.

Ya kijana wetu haikupatikana. Wiki iliyopita nilimsindikiza Kariakoo kutafuta kifaa cha pikipiki nyingine, ya mkataba. Muuzaji alikisifia kimoja tangu tumeingia. Nikamwomba akifunge kwenye pikipiki yake iliyokuwa nje, aunganishe na simu ya kijana, kisha achomoe waya wa betri tukiwa tumesimama pale. Alichomoa. Tukasubiri. Mpita njia mmoja naye akasimama kutazama simu ambayo haikuita.

"Mama," muuzaji akasema, akianza kurudisha waya, "leo mtandao unasumbua."

Tukavuka kwenda duka la pili.