Kazi na Maisha: Tabibu wa Viungo

Jeraha likiisha kufunga, jamaa wengi hudhani kwamba matibabu yamekwisha. Sivyo. Askari aliyekatwa mguu chini ya goti huwekewa mto chini ya goti hilo na watu wampendao, ili apumzike vizuri. Majuma yakipita, misuli hukaza, goti hubaki limekunjika, na mguu wa bandia huwa taabu kuuvaa. Huruma isiyo na ujuzi imemdhuru.

Mwenye kuzuia msiba huo ni tabibu wa viungo. Yeye humwonyesha mgonjwa na mkewe jinsi ya kulaza goti likiwa limenyooka, jinsi ya kulala kifudifudi kwa muda ili nyonga nayo isikaze, na mazoezi ya kutia nguvu misuli itakayobeba mwili.

Taaluma hii imekua pamoja na vita. Mwaka 1894 wauguzi wanne waliunda mjini London chama cha wakandaji waliofunzwa. Vita Kuu ya Kwanza, ya 1914 hadi 1918, ilijaza majeruhi hospitalini, na haja ya mikono yenye ujuzi ikazidi. Mwaka 1918 Mary McMillan aliingia kazini katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed, Washington, akafundisha na wanawake wengine. Mwaka 1921 akawa rais wa kwanza wa chama chao huko Marekani.

Kijana anayeitaka kazi hii hana budi kushika Biolojia, Kemia na Fizikia tangu sekondari. Katika Uganda, stashahada husomwa Mulago, Kampala, kwa miaka 3. Shahada hutolewa na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Mwanafunzi hujifunza mifupa, misuli, neva, moyo na mapafu, kisha hupelekwa wodini kuwahudumia wagonjwa chini ya uangalizi. Akihitimu, husajiliwa na baraza la taaluma kabla ya kufanya kazi.

Mbele yake njia ni nyingi: hospitali za umma na za majeshi, timu za michezo, watoto waliozaliwa na ulemavu, wazee waliopatwa na kiharusi. Anayependa kusoma zaidi huweza kubobea katika tawi moja, au kuwa mwalimu.

Lakini cheti peke yake hakitoshi. Maendeleo ya mgonjwa hupimwa kwa hatua ndogo: leo goti limenyooka kidogo, kesho amesimama akishika kitanda. Haba na haba hujaza kibaba. Tabibu asiye na subira humkatisha tamaa mgonjwa, na mazoezi yakiachwa, ujuzi wote hupotea bure.

Basi wazazi walioko kambini wasidhani kwamba bunduki na rungu ndizo njia pekee za watoto wao kulitumikia taifa. Amsimamishaye askari aliyeanguka naye yumo katika ulinzi.