Damu Iliyovilia Ukwatoni



Msimu wa mvua uliopita nilimkodi mzee mmoja aniletee matofali nyumbani, hapa Area 23 mjini Lilongwe. Mzee huyo ni mzaliwa wa Kivu. Jamaa zake wamo katika kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, iliyofunguliwa mwaka 1994, na gari lake la punda ndilo linalolisha nyumba mbili, ya hapa na ya kule.

Katika safari ya tatu punda alisimama njiani, akakataa kwenda. Mimi, kwa haraka ya kutaka matofali yangu, nikasema, "Mzee, mchape huyo, ni uvivu tu." Mzee hakunijibu. Aliinama, akauinua mguu wa mbele, akaukwangua matope, kisha akaniita: "Mwalimu, njoo utazame mwenyewe." Chini ya ukwato, karibu na ncha, palikuwa na doa jekundu linaloelekea zambarau, ukubwa wake kama sarafu. Niliona haya.

Ukwato, uwe wa punda au wa farasi, hufanana na ukucha wetu. Nje ni mgumu usio na hisia. Ndani mna nyama hai yenye mishipa mingi ya damu, na mfupa. Mnyama akikanyaga jiwe kali, au kwato zikiachwa zikarefuka mno, nyama hiyo hubanwa baina ya mfupa na wayo. Mishipa midogo hupasuka na damu huvilia. Aghalabu mvua huzidisha hatari, maana punda ni mnyama wa asili ya nchi kavu, na ukwato wake ukilowana muda mrefu hulainika.

Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: rangi huchelewa. Ukuta wa ukwato wa farasi hukua milimita 6 hadi 10 tu kwa mwezi, hivyo kutoka penye nywele hadi chini huchukua karibu mwaka mzima. Wekundu unaouona leo ukutani waweza kuwa habari ya pigo la miezi iliyopita. Tena kwato nyeusi huficha doa kabisa. Basi usingoje kuona rangi. Mnyama akichechemea, au ukwato mmoja ukiwa na joto kuliko wenzake, hapana budi kumpumzisha.

Si kila doa ni damu iliyovilia. Weusi wenye uvundo katika ile sehemu laini ya pembetatu chini ya ukwato ni dalili ya kuoza kwa sababu ya matope na samadi. Tundu jeusi, pamoja na kuchechemea kwa ghafla hata mnyama hataki kukanyaga, aghalabu ni jipu. Na mnyama akiegemea nyuma ili kuipunguzia uzito miguu ya mbele, yawezekana nyama ya ndani ya kwato imevimba, maradhi yanayoletwa mara nyingi na kula nafaka kupita kiasi. Hapo mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Nyumbani fanya haya. Kwanza, mfungue gari, umweke mahali pakavu palipo laini. Pili, osha ukwato, ondoa mawe, utazame pande zote. Tatu, usichimbe kwa kisu, usichome kwa chuma cha moto, wala usimimine tindikali ya betri. Ukiona tundu au msumari, mwite mtaalamu upesi. Wazee wetu hawakukosea kuuita ugonjwa ule pepopunda, kwa maana punda na farasi hupatwa nao kwa wepesi kuliko mifugo mingi, nao huingia kwa jeraha dogo kama hilo.

Askari anaujua ukweli huu mwilini mwake: baada ya safari ndefu huvua buti na kuchunguza nyayo. Jeshi la Polisi Tanzania lina kikosi chake cha mbwa na farasi, na kazi ya kikosi kama hicho huanza kwa kuinua kwato na kuzisafisha kila siku. Kule Lamu, ambako punda ndio wachukuzi wa mji, zahanati ya punda ilifunguliwa tangu mwaka 1987. Sisi wenye punda mmoja tu tunahitaji mkono wa kuinua mguu wake asubuhi na jioni, na fundi wa kuzikata kwato kila baada ya majuma sita hadi kumi.

Punda wa mzee alipumzika majuma matatu. Nilimlipa nauli iliyobaki kabla ya kazi, ili zile nyumba mbili zisilale njaa, na matofali yakangoja. Husemwa kwamba asante ya punda ni mateke. Siku ile, aliyekaribia kulipa wema kwa fimbo alikuwa mimi.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya lijamu na matandiko yanayochubua mgongo.