Msaidizi wa Nani?

Limezoeleka neno "mwigizaji msaidizi", na wapenzi wa filamu hulitamka pasi na kulihoji. Sisi tunalipinga. Neno hilo hupima wingi wa maneno aliyopewa mtu, kisha hudai limepima uzito wa sanaa yake.

Shahidi wetu ni Barry Fitzgerald wa Ayalandi, aliyezaliwa Dublin mwaka 1888 kwa jina la William Joseph Shields. Kwa miaka mingi mchana alikuwa karani wa serikali, na usiku akipanda jukwaa la Abbey Theatre. Hapo, mwaka 1924, aliigiza Kapteni Boyle katika tamthilia ya Sean O'Casey, *Juno and the Paycock*: mvivu mwenye majigambo, anayetuchekesha huku nyumba yake ikibomoka. Aliyeweza kubeba kicheko na msiba kwa kinywa kimoja, msaidizi wa nani?

Katika filamu *Going My Way* (1944) aliigiza padri mzee wa Kikatoliki, ilhali yeye alitoka katika ukoo wa Kiprotestanti. Wapiga kura wa Oscar wakababaika: kwa uigizaji huohuo mmoja wakampendekeza kuwa mwigizaji bora, na pia msaidizi bora. Mwaka 1945 tuzo ya kwanza ikaenda kwa Bing Crosby, mwenziwe katika filamu hiyo. Fitzgerald akapewa ya pili. Kisha kanuni ikabadilishwa, jambo hilo lisitokee tena. Kipimo kilipoumbuka, kilitungiwa sheria ya kukistiri badala ya kutupwa!

Watasema wapinzani kwamba Hollywood ilimfanya arudie sura ileile, ya kizee mcheshi mpenda ulevi. Ni kweli, na *The Quiet Man* (1952) ni mfano wake. Lakini humo yeye ndiye mshenga; mwondoe, uone kama posa itafika. Tena, tangu lini kurudia kukawa aibu? Kina hurudi katika kila mshororo wa ubeti, na hatujasikia msomaji akilalamika.

Fitzgerald alifariki Dublin mwaka 1961, na lile neno lingali likitumika. Wapenzi wa ushairi wangekuwa wa kwanza kulikataa. Kina cha kati hakimalizi mshororo, wala hakisubiriwi kwa hamu kama cha mwisho; lakini kikikosekana, shairi zima huwa guni. Na hakuna malenga aliyewahi kukiita kina kisaidizi.