Uzuri wa mabawa na usalama wa abiria

Wazee wa Unguja wangali wanakikumbuka kituo cha Wamarekani kilichojengwa kisiwani humo kufuatana na mkataba wa mwaka 1960, kwa ajili ya kufuatilia safari za wanaanga wa mpango ulioitwa Mercury. Februari 20, 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu kwa muda usiotimia saa tano, kituo hicho kilikuwa miongoni mwa vile vilivyozungumza naye kwa redio. Wapo wananchi waliokishuku kuwa ni cha makombora, na katika zama zile za vita baridi shaka yao haikuwa ya ajabu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kituo kilifungwa.

Leo tunakitaja kwa sababu ya chombo alichokipanda Glenn. Kilikuwa kapsuli, yaani kijumba chenye umbo la kengele, kisichofika uzito wa tani mbili, kilichokaa juu kabisa ya roketi na kurudi kikining'inia kwenye mwavuli hadi baharini. Hakikuwa na uzuri wowote. Ndiyo maana wakubwa wa Marekani hawakuridhika nacho. Waliona ni fedheha shujaa aanguke majini kama dafu kisha angoje kuopolewa na meli. Wakataka chombo chenye mabawa, kitakachotua uwanjani kama ndege, kitengenezwe kidogo, kisha kiruke tena. Waliahidi safari nyingi mno kila mwaka, kwa nauli nafuu.

Chombo hicho kiliruka kwa mara ya kwanza Aprili 1981, na hatuna budi kukitendea haki. Kilibeba watu saba pamoja na shehena kubwa. Mwaka 1984 kiliokota setilaiti mbili zilizopotea njia na kuzirudisha ardhini, na mwaka 1993 mafundi wake walikwenda kuitengeneza darubini ya Hubble huko huko juu. Kazi ya namna hiyo kapsuli ya siku zile isingeiweza.

Lakini mabawa yana bei yake. Kila kitu kinachorudi kutoka angani hupita katika moto mkali, na kadiri kilivyo kikubwa ndivyo sehemu za kukingwa zinavyoongezeka. Ndege ile ilifunikwa kwa vigae zaidi ya 20,000 vya kuzuia joto, na baada ya kila safari ilibidi vigae hivyo vikaguliwe na vilivyoharibika vibadilishwe. Mwaka iliporuka mara nyingi kuliko yote, 1985, ilifikisha safari tisa tu. Gharama haikuwa katika kuruka. Ilikuwa katika kibanda cha matengenezo.

Baya zaidi ni mahali ilipowekwa. Kapsuli hukaa juu ya roketi, na ngao yake ya joto hufichwa hadi wakati wa kurudi. Ndege yenye mabawa ilifungwa ubavuni mwa tangi la mafuta, wala haikuwa na njia ya kuwanusuru abiria mambo yakiharibika wakati wa kupaa. Januari 28, 1986, Challenger iliteketea sekunde 73 baada ya kuondoka. Mwaka 2003 kipande cha sponji kilichobanduka tangini kilitoboa bawa la Columbia, nayo ikavunjika ilipokuwa ikirejea Februari 1. Watu kumi na wanne walikufa katika ajali hizo mbili.

Hatusemi kwamba kapsuli haijaua. Warusi walizika mmoja mwaka 1967 na watatu mwaka 1971. Hata hivyo, Septemba 1983 roketi yao iliposhika moto kabla ya kuondoka, kifaa cha uokoaji kiliinyofoa kapsuli na wanaanga wawili wakatoka hai. Oktoba 2018 roketi nyingine iliharibika njiani, na wawili waliokuwamo wakashuka salama. Marekani wenyewe waliistaafisha ndege yao mwaka 2011 baada ya safari 135, wakawa wanalipia viti katika kapsuli za Warusi hadi mwaka 2020 walipoanza kupanda kapsuli yao mpya iitwayo Dragon. Nayo hukaguliwa, hutengenezwa na kurushwa tena! Ahadi iliyotolewa na mabawa imetimizwa na kengele.

Waheshimiwa wanaokwenda Dodoma kwa treni hupita Gulwe, wilayani Mpwapwa, nao wanaweza kuliona jambo hili bila ya kutazama juu. Wajerumani walipoijenga Reli ya Kati waliipitisha katika bonde la mto, kwani ndiyo njia iliyokuwa nyepesi. Tangu hapo mto umekuwa ukidai chake msimu hadi msimu. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliisomba reli baina ya Kilosa na Gulwe, na safari zikakatika. Aliyetia sahihi ramani alikwisha kuondoka zamani. Wanaobeba kokoto ni wengine.

Hatutarajii Tanzania impeleke mtu angani kesho. Lakini mwaka 2023 Serikali ilitangaza nia ya kuwa na setilaiti yake, na jirani zetu wa Kenya walirusha ya kwao, Taifa-1, Aprili mwaka huo huo kwa roketi ya kukodi. Wauzaji watakuja na picha za kupendeza. Tunaitaka wizara inayohusika, kabla kalamu haijagusa karatasi, iwaeleze wananchi ni wapi kitajengwa kituo cha ardhini, ni mafundi gani wa Kitanzania watakaokitunza, na kila mwaka kitakula fedha kiasi gani baada ya sherehe za uzinduzi. Na ikiwa kitapangiwa Unguja au Pemba, basi watu wa huko waambiwe kwanza, kabla ya nguzo ya kwanza kusimamishwa.