Mtoto hahitaji unga wa vitu kumi na mbili

POSTI YA 1

Mama zangu na wadada wenye watoto wadogo, leo naandika nikiwa nimekereka, mnivumilie. Kila wiki naulizwa swali lilelile: "Nesi, unga wa lishe mzuri unachanganya nini na nini?" Kabla sijajibu, mtu keshanitumia orodha yake: mahindi, mchele, ngano, ulezi, uwele, mtama, soya, karanga, korosho, ufuta, mbegu za maboga, dagaa. Vyote mashine moja, ndoo moja, mtoto wa miezi sita.

Jibu langu ni fupi: acha.

Nitaeleza sababu, halafu nitawapa mapishi matano niliyookota kwa ndugu, majirani na mawifi. Hayahitaji mashine wala oda ya mtandaoni. Yanahitaji sufuria, mwiko na mama ambaye hajatishwa na matangazo.

POSTI YA 2: Tuhesabu pamoja

Mahindi, mchele, ngano, ulezi, uwele, mtama. Hizo ni sita na zote ni nafaka, kundi moja la chakula. Mtu mzima akipakua ugali, wali na chapati kwenye sahani moja, bila mboga, utasema anakula mlo kamili? Utamcheka. Sasa kwa nini kwa mtoto tunaita lishe?

Kati ya vilivyobaki kuna soya, karanga, korosho na ufuta. Ni vyakula vizuri, sibishi. Ila vina mafuta. Ukivisaga vikakaa kwenye ndoo mwezi mzima na joto hili la kwetu, unga unachacha. Na soya inataka moto wa kutosha. Uji wa dakika kumi unaivisha mchele, soya iliyosagwa mbichi bado. Mtoto tumbo linamuuma, anaharisha, nyumbani mnasema anaota meno.

Kuna jambo la tatu. Mtoto akitoka vipele au akivimba midomo, utajuaje kilichomdhuru ni kipi kati ya kumi na mbili? Ndiyo maana tunasema mwanzishie chakula kipya kimoja kimoja, umwangalie siku mbili tatu, ndiyo uongeze kingine.

POSTI YA 3: Sumu usiyoiona

Mahindi na karanga vikivunwa au kuhifadhiwa na unyevu vinaota ukungu unaotoa sumukuvu. Haina rangi wala harufu ya kukustua. Na msikie vizuri hapa: kupika hakuiondoi. Uchemshe saa nzima, bado ipo.

Hii sio hadithi ya kutishana. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kenya mwaka 2004 walikufa watu 125. Hao walikula nyingi kwa mkupuo. Kidogokidogo kila siku inaumiza ini, na inahusishwa na watoto kudumaa.

Ukinunua mahindi au karanga nzima unaona punje iliyovunjika, iliyosinyaa, yenye ukungu, unaitupa. Unga uliosagwa na mtu usiyemjua unachambuaje? Huwezi. Na mtoto anayekunywa uji huo mara tatu kwa siku, siku saba kwa wiki, anakunywa hiyo bahati nasibu mara ishirini na moja.

POSTI YA 4: Tumbo la kikombe kimoja

Tumbo la mtoto linabeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 8 anabeba mililita 240, kikombe cha chai. Ukilijaza uji mwepesi wa kunyweka kwenye chupa, umelijaza maji. Ameshiba, amelala, wewe umefurahi, na mstari kwenye kadi ya kliniki umelala naye.

Kipimo chetu cha wodini ni rahisi: chota kwa kijiko, kiinamishe. Chakula kikimwagika kama chai, ni chepesi mno. Kinatakiwa kikae kwenye kijiko.

Halafu kuna madini ya chuma. Mtoto anazaliwa na akiba yake, na inapofika miezi sita akiba hiyo imekaribia kuisha. Maziwa ya mama ni bora na anaendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi, lakini kwa chuma peke yake hayamtoshi tena. Nafaka nazo zina chuma ambacho mwili wa mtoto unakipata kwa shida. Chuma kinachoingia mwilini kwa urahisi kiko kwenye maini, nyama, samaki, dagaa.

Tunapokea watoto viganja vyeupe kama karatasi, na mama anaapa hajawahi kukosa uji wa lishe. Hadanganyi. Uji kampa kweli, ila alichokosa mtoto hakikuwemo kwenye uji. Leo kabla hujalala, fungua kiganja cha mwanao ulinganishe na chako. Kama chake kimepauka, usinunue unga wala dawa ya kuongeza damu dukani. Mpeleke kituo cha afya akapimwe.

POSTI YA 5: Mapishi ya watu wetu

Haya ni ya kuanzia miezi sita kamili. Usitie sukari. Chumvi waachie wakubwa. Asali hapana kabisa kabla ya mwaka mmoja, hata ya kulambisha.

1. Mtori wa jirani yangu Mchaga. Ndizi mshale tatu, kipande cha nyama laini kama kiganja cha mtoto, kitunguu kidogo, karoti. Chemsha nyama kwanza mpaka ilainike kabisa, tia ndizi na karoti, zikiiva ponda vyote kwa mwiko pamoja na supu yake. Nyama ipondwe nayo iliwe. Kumpa mtoto supu nyama mkala wenyewe ni kumpa harufu.

2. Viazi lishe vya wifi yangu wa Mwanza. Vile vitamu vya rangi ya chungwa, vina vitamini A. Chemsha na maganda, menya, ponda. Ongeza kijiko cha chai kimoja cha mafuta, maana vitamini A bila mafuta haiingii vizuri. Juu yake nyunyiza kijiko cha unga wa dagaa. Unga huo unatengeneza mwenyewe: toa vichwa, osha kwa maji ya moto mpaka mchanga uishe, anika kwenye chombo kisafi, kaanga bila mafuta mpaka wakauke kau, twanga, chekecha. Weka kwenye kopo lenye mfuniko, tengeneza kidogo wa wiki moja.

3. Mseto wa mama mkwe wa Tanga. Mchele kikombe kimoja, choroko nusu kikombe zilizolowekwa usiku. Choroko zianze, zikikaribia kuiva tia mchele, maji ya kutosha, mwisho tui la nazi. Ponda. Nafaka moja na mikunde moja vinasaidiana, na familia nzima mnakula sufuria hiyohiyo, nyie mnaongeza chumvi na samaki. Na mtoto mpe kipande cha huyo samaki, ukishatoa miba kwa vidole vyako, sio kwa macho.

4. Boga na yai la mama mdogo. Boga lililoiva, lichemshe, liponde. Yai moja lichemshe mpaka kiini kigande, lipondee humo. Na yale maneno kwamba mtoto akila mayai atachelewa kuongea, jamani, tuyaache. Anayekula yai anapata protini, na kuongea ataongea mpaka umwambie anyamaze.

5. Ini la kuku la dada yangu. Ini moja, nyanya moja, mchicha uliokatwa mdogomdogo. Chemsha ini mpaka lisitoe damu ndani, tia nyanya na mchicha dakika chache, ponda, changanya na wali laini au ugali laini. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha.

Na kwa anayependa uji, hajakatazwa. Unga wa nafaka moja, mfano ulezi, pika mzito, ukiiva ongeza maziwa au karanga ulizochambua na kutwanga leo. Ukiona mzito mno kwa mtoto, usikimbilie maji. Bibi zetu walijua kimea: ulezi uliolowekwa, ukaota, ukakaushwa, ukatolewa mizizi, ukasagwa. Kijiko cha chai kwenye uji wa moto, koroga, unalainika wenyewe, kisha urudishe jikoni uchemke tena. Ndiyo, ni kimea kilekile cha mbege. Wazee walikijua kabla hatujaanza kuuziana lishe mtandaoni.

POSTI YA 6: Najua mtakachosema

"Nesi, mimi naingia kazini saa kumi na mbili, nitapika mtori saa ngapi?" Mtoto hali chakula cha peke yake, anakula cha nyumbani kilichotengwa kabla ya chumvi na pilipili. Jana mlipika maharage, chota, ponda, chuja maganda. Mlipika ndizi, chota. Dada wa kazi anaweza kuponda. Unga wa dagaa uko kwenye kopo.

"Mbona mtoto wa fulani kanenepa kwa unga huo?" Unene sio afya. Mtoto anaweza kuwa na mashavu na bado hana damu.

"Wauzaji nao wanatafuta riziki." Sawa, na mimi nanunua kwa mama ntilie kila siku, sina ugomvi na riziki ya mtu. Ugomvi wangu ni maneno kwenye tangazo: unaongeza damu, unaongeza akili, mtoto anatembea mapema. Anayeuza hivyo muulize umesagwa lini, karanga zilichambuliwa na nani, soya ilikaangwa, na je unga umepimwa sumukuvu? Akianza kukujibu kwa ukali, rudisha hela mfukoni.

"Nyama na samaki ni ghali." Kweli, na wengi hapa tunaishi hivyo. Ndiyo maana nimeweka dagaa, yai, ini, choroko. Chukua bei ya kilo moja ya huo unga wa vitu kumi na mbili, nenda nayo sokoni kwenu, uone utarudi na dagaa na mayai mangapi. Hesabu mwenyewe, usiniamini mimi.

POSTI YA 7: Ya kubandika jikoni

Miezi 6 hadi 8: milo 2 hadi 3, anza vijiko viwili vitatu, panda taratibu mpaka nusu kikombe.
Miezi 9 hadi 11: milo 3 hadi 4, nusu kikombe, ponda kidogo tu, ajifunze kutafuna.
Mwaka 1 hadi 2: milo 3 hadi 4, robo tatu ya kikombe mpaka kikombe kizima, pamoja na matunda katikati.
Kunyonya kunaendelea kote huko. Mikono kwa sabuni, yako na yake. Kibakuli chake awe nacho peke yake ujue amekula kiasi gani. Chai asipewe kabisa, inazuia chuma.

Takwimu za taifa za mwaka 2022 zinaonyesha watoto 30 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Na baadhi ya mikoa yenye udumavu mkubwa ni ile yenye chakula kingi. Shamba lipo, dagaa wapo, kuku wanazunguka uani, mayai yanauzwa ili ununuliwe unga wa pakiti. Hilo ndilo linaloniumiza.

Haya, zamu yenu. Niandikie pishi moja la mtoto la kwenu, ulilofundishwa na mama, bibi au wifi, na vipimo vyake. Nitayapitia yote, yenye kasoro nitasema, mazuri nitayapandisha wiki ijayo. Na mtumie mama mmoja unayemjua ana ndoo ya unga jikoni. Usimcheke. Mwambie tu aanze na yai.