Si Majivuno Yanayowapeleka Ng'ambo

Mwandishi aliyedai kwamba vijana wetu hukimbilia vyuo vya ng'ambo kwa majivuno ameandika kama mtu ambaye Nairobi yake inaishia mtaa wa kitajiri wa Lavington. Huko, ni kweli, wapo waliosoma mtaala wa Uingereza tangu utotoni, na London kwao ni darasa linalofuata tu. Lakini avuke kidogo hadi Kawangware, asikie wazazi wanavyopiga hesabu.

Tarehe 17 Septemba 2025 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma waligoma wakidai malimbikizo ya shilingi bilioni 7.9. Madarasa yalikaa bure hadi Novemba. Mzazi aliyempangia mwanawe chumba Ngara aliendelea kulipa kodi. Mwenye nyumba hagomi. Anachotafuta mzazi huyo ni tarehe ya mahafali isiyosogezwasogezwa. Hayo ni majivuno?

Nakubali wapo wanaouza ndoto. Wazazi wa Uasin Gishu waliolipia safari za Finland ambazo watoto wao hawakuzipata wanalijua hilo kuliko mimi na mwandishi huyo. Ila tapeli hunawiri penye uhitaji.

Na dai lake la uzalendo, kwamba kusoma ng'ambo ni usaliti, ndilo dhaifu kuliko yote. Wangari Maathai aliondoka mwaka 1960, akasoma Kansas na Pittsburgh, akarudi, akapata shahada ya uzamifu Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971 na kufundisha hapo hapo. Nani atamwita msaliti?

Serikali iwalipe wahadhiri kwa wakati kwanza. Lawama kwa watoto zisubiri.